Ng'ombe Aliyeingia Kwenye Chupa

Mkata, Handeni
19 Oktoba 2025

Kwa kaka yangu mpendwa Awadhi,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Mkumbara, pamoja na wifi Tatu na binti yenu Shamimu, bibi harusi wetu. Kile kifua chako kimepoa? Sisi huku hatujambo. Mvua imenyesha mara mbili na muhogo umeanza kuchipua.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema Jumamosi utatuma vijana wamchukue yule ng'ombe wako mwekundu uliyeniachia nikufugie, achinjwe kwenye harusi. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu huwa nasema "sawa kaka" kabla sijafikiri. Ndiyo maana naandika.

Daftari langu linaonyesha kuwa tarehe 14 Januari alifika hapa kijana aitwaye Dennis, wa kampuni moja changa iliyokuwa ikiuza hisa, amevaa viatu vyeupe visivyofaa kwa vumbi letu. Alituonyesha kichupa chenye maji ya rangi ya waridi, akasema humo mna chembe za nyama ya ng'ombe zinazolishwa na kukua zenyewe. Siku moja nyama itatoka kwenye matangi, wala hakuna ng'ombe atakayekufa kwa ukame. Jirani yangu Edna alimuuliza kama nyama hiyo itakuja na kwato za kuchemshia supu. Tulicheka, na Dennis naye akacheka.

Mimi nilikiinua kichupa juani, kaka, nikaona malisho ndani yake. Tangu siku hiyo kila nikilala niliwaona ng'ombe wasio na kengele wakitembea ndani ya mwanga, hawanywi maji, hawaachi kinyesi, wanaongezeka taratibu kama ukungu unavyoshuka kutoka Usambara. Asubuhi niliandika yote. Dennis mwenyewe alinionya kwamba mwenye hisa anaweza kukosa kila kitu. Kibali cha kuuza kilikuwa hakijatoka, na kukuza kilo moja kuligharimu zaidi kuliko kununua ng'ombe mzima. Hayo nayo niliyaandika kwa mwandiko mzuri, kisha nikafunga daftari.

Mwezi wa Tano Dennis alirudi kutupa habari. Mwalimu Iddy wa madrasa aliuliza swali moja tu, kama chembe za kwanza zilitoka kwa ng'ombe aliyechinjwa. Dennis alijibu kwa fahari kwamba ng'ombe yule hakuumizwa hata kidogo, yuko hai anakula majani. Watu wakatazamana. Kwake hiyo ilikuwa sifa. Kwetu, kinachokatwa kwa mnyama aliye hai ni mzoga, hakiliwi. Nilisoma hayo madrasa pamoja nawe, na bado sikuwahi kuuliza. Edna alisema yeye atakula bila wasiwasi, lakini Edna ni mmoja.

Tarehe 3 Septemba Dennis alikuja peke yake. Kibali hakikutoka, wenye fedha wamejitoa, kampuni imefungwa. Aliomba maji, akanywa. Sikuona mwizi mbele yangu. Akiba ya mama yake nayo imeishia humo.

Sasa nikwambie, kaka. Hisa zangu nilizinunua kwa kumuuza ng'ombe wako. Alipandishwa kwenye gari la mnada tarehe 20 Januari, bila wewe kujua. Kila uliponiuliza hali yake nilijibu ananenepa. Nilikudanganya, ingawa kwenye ule mwanga nilikuwa namwona kabisa, na kweli alikuwa akinenepa.

Usitume vijana, zizi la ng'ombe ni tupu. Ijumaa nitakuja mwenyewe na mbuzi wangu wanne, ndio wote nilio nao. Hawamfikii ng'ombe, najua. Naomba Shamimu asikie kutoka kinywani mwangu, si kwa mtu mwingine. Ukinizuia nisiingie ndani siku ya harusi, nitakaa uani nimenye vitunguu.

Nisalimie wifi Tatu, na majirani wote wanaonikumbuka. Mungu akulinde hadi tuonane.

Mdogo wako,
Shamsia