Alama 168 Kwenye Kadi ya Goti

Mpendwa mshauri, sikuzoea kupeleka shida zangu gazetini, lakini hapa nilipofika naomba msaada wako. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka hamsini na nne, nilianza na mashine moja ya kukanyaga kwenye baraza ya watu na sasa nina chumba changu chenye mashine nne, na yote hayo nimeyapata kwa mguu huu wa kulia ambao goti lake linaniuma mwaka wa saba huu. Kila asubuhi nalipima kwa tepu yangu ya kazi na kuandika kwenye daftari: la kushoto sentimita 39, la kulia 42, siku mbaya 43. Nimechomwa sindano tatu ndani ya goti, ya kwanza ikanipa nafuu miezi mitano, ya pili miezi miwili, ya tatu siku kumi na tisa tu, na picha za eksirei ninazo tano kwenye bahasha, hata mume wangu ananitania, "Mama watoto, goti lako limepigwa picha nyingi kuliko harusi yetu."

Kinachonikera ni daktari wa mifupa. Nilikaa kwenye benchi saa nne nzima, yeye akanipa dakika tisa, akauliza nafanya kazi gani, nikasema nashona, akasema, "Vizuri, kazi ya kukaa," akaandika, basi. Akanipeleka kwa dada wa mazoezi ya viungo, naye akanipa kadi ya wiki kumi na mbili: inua mguu ulionyooka mara kumi na tano asubuhi, kumi na tano jioni, kila ukimaliza weka alama. Sasa mshauri, mimi nikapiga hesabu zangu, nakanyaga mashine mara sitini kwa dakika, saa sita kwa siku, hiyo ni mara 21,600, huyu binti ananiambia nini na mara zake thelathini, nikaona mazoezi ninayo tele, nikaacha, ila kadi nikawa naijaza, na siku ya mwisho nilikaa pale pale kwenye benchi nikamalizia wiki tatu kwa mpigo. Alama 168, za kweli ni kumi na moja.

Daktari alipoiona akasema, "Mama, umejitahidi sana, ila mazoezi hayajakusaidia. Tubadilishe goti." Nimepangiwa upasuaji tarehe nane mwezi ujao. Nilipomweleza mume wangu habari ya kadi akacheka, kisha akasema, "Nyamaza, utajiaibisha bure." Lakini nikikaa mashineni nawaza kwamba goti langu linaondolewa kwa ushahidi nilioupika mwenyewe, na nikisema ukweli, yule dada wa viungo aliyekuwa akiniita mgonjwa wake wa mfano atanitazamaje? Nifanyeje?

Fundi wa Mguu Mmoja

JIBU

Fundi, pole. Miaka saba ya maumivu si mchezo, na dakika tisa ni chache. Daktari anayeambiwa "nashona" asiulize kama mashine ni ya mguu au ya umeme amekosea, na una haki ya kumwambia hivyo. Lakini nawe ulikuwa na ulimi. Ulimsikia akisema "kazi ya kukaa", ukanyamaza, ukaenda kukasirikia nyumbani.

Hesabu zako ni sahihi, ila umejumlisha vitu visivyojumlishika. Kukanyaga kunalichosha goti. Kuinua mguu ulionyooka kunajenga misuli ya paja ili ilibebe goti hilo. Mteja akikuletea kitambaa cha gauni na cha suruali, unavikata kwa kipimo kimoja kwa kuwa vyote ni nguo?

Mumeo namheshimu, lakini goti si lake. Sitakuambia ukatae upasuaji wala uukubali, mimi si daktari, na huenda zile eksirei zinatosha kuonyesha kwamba goti limekwisha. Ila wanaoamua waamue wakiujua ukweli. Tena kuna jambo hukulifikiria: goti jipya nalo huja na kadi yake. Utapewa mazoezi ya kila siku, na yanauma. Hayo nayo ukiyamalizia benchini kwa kalamu, goti litakakamaa, na sijui hapo utamlaumu nani.

Basi usingoje tarehe nane. Wiki hii hii nenda kwa yule dada wa viungo kwanza. Mwambie, "Mwanangu, za kweli ni kumi na moja." Ataudhika. Mwache audhike, amedanganywa. Akitulia, mpe lile daftari la vipimo, kisha kaa kwenye kiti umwonyeshe kwa mguu unavyokanyaga, amwandikie daktari. Ukifika kwa daktari, akisimama kabla hujamaliza, wewe usisimame, malizia. Na mashine unayoikalia wewe ifungwe mota, umri wa kusukuma kila kitu kwa goti umepita.

Omba na kadi mpya. Lakini usiisubiri: leo, kabla hujafunga chumba, nyoosha mguu, inua mara kumi na tano. Ukishaushusha mara ya kumi na tano, ndipo ushike kalamu.