Sifa Kabla ya Risasi

Jumatatu, 6 Oktoba

Mahakamani asubuhi. Kesi ya ardhi imeahirishwa tena. Chai, mandazi mawili, kisha ofisini.

Wanjiru, mhariri wangu, anataka ukurasa mzima kuhusu gemu ya roboti kubwa zinazopigana. Toleo la sita limetoka na Jumamosi kuna mashindano hapa mjini. Hataki matokeo tu. Anataka nieleze hadithi ya gemu inavyosimuliwa na kwa nini watu wameipenda. Nina miaka ishirini na minane katika kazi hii na sijawahi kushika padi ya kuchezea. Nimekubali. Ni afadhali kuliko kesi ya ardhi.

Jumanne, 7 Oktoba

Otonglo, pembezoni mwa mji. Kibanda cha gemu kiko nyuma ya soko. Skrini nne, mabenchi, pazia la gunia kuzuia jua. Nilitarajia watoto wa shule. Nimekuta watu wazima: waendesha bodaboda, muuza nyanya, mwalimu mmoja mstaafu. Gemu yenyewe wanaiita Chuma tu.

Bingwa wao ni Okoth Were, fundi wa kuchomelea, miaka arobaini na sita. Karakana yake iko ng'ambo ya barabara. Hucheza saa ya chakula cha mchana, masizi bado mikononi. Roboti yake ni ya kijani, nzito, miguu minne. Ameiita Nyar Sondu, yaani binti wa Sondu, kwa sababu mkewe ametoka huko.

Mke ni Mama Atieno. Anauza omena, wale dagaa wa ziwani, mita chache kutoka kibandani. Nilimuuliza anaonaje roboti kupewa jina lake.

"Hiyo chuma anapaka rangi kila wiki," alisema. "Mlango yangu ya jikoni iko na kutu tangu mwaka juzi."

Wateja walicheka. Yeye hakucheka.

Jumatano, 8 Oktoba

Otonglo tena, saa nne nzima. Nimetazama na kuandika.

Mambo hayabadiliki toleo hadi toleo. Rubani wa roboti ni wewe, na uso wako hauonyeshwi kamwe. Huna bosi wa kudumu. Unakodishwa. Kila kazi huanza kwa sauti ya mwajiri redioni, mtulivu, mwenye adabu, na mara nyingi ni mwongo. Hadithi huipati kwa kutazama bali kwa kusikiliza: redio, barua, maneno ya mtu anayekufa ndani ya roboti uliyoipiga. Roboti unaiunda mwenyewe, kichwa, mikono, miguu, injini. Ukiongeza silaha unapunguza mwendo. Injini ikipata joto kupita kiasi, unasimama kama nguzo hadi ipoe. Karibu na mwisho rafiki anakugeuka. Kila toleo. Wachezaji wanajua, na bado wanamlaani.

Jambo moja nimelipigia mstari. Kila mtu katika gemu hii anasema. Mpinzani hujigamba redioni kabla ya pambano, sentensi tano au sita. Rubani wako hajibu. Katika matoleo yote sita hana hata neno moja.

Otonglo hawakubali hilo. Mpinzani akimaliza kujigamba, mchezaji husimamisha mchezo, huinuka na kujibu. Ni pakruok, majigambo ya Wajaluo, ile ile ya kwenye ngoma, ambako mtu humkatiza mwanamuziki ili ajisifu, awasifu rafiki zake na wakwe zake. Wawili wakipambana wao kwa wao ni hivyo hivyo. Huyu anajisifu, yule anajisifu, ndipo risasi. Hakuna anayefyatua kabla. Nilimuuliza yule mwalimu mstaafu ikitokea mtu afyatue itakuwaje. Hakuelewa swali. Nililirudia. Akasema, "Kwa nini afanye hivyo?"

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepata karatasi ya kanuni za mashindano. Nimeisoma mara mbili. Kanuni ya nne: atakayesimamisha mchezo kwa sababu yoyote amepoteza raundi.

Nikampelekea Okoth. Si kazi yangu kumshauri. Ni kazi yangu kumuuliza kama anajua. Alikuwa hajui. Aliisoma akiwa amesimama, akairudisha.

Zawadi ndiyo inayomsumbua. Roboti ya mshindi, na rangi zake na jina lake, itawekwa ndani ya toleo la saba. Mtu yeyote duniani atakayecheza atalazimika kukutana nayo ndipo apite.

"Hata huko Japani," Okoth alisema, "mtu atasumbuliwa na Nyar Sondu vile mimi nasumbuliwa."

Alikuwa anatania. Ila mikono ilikuwa inakunjakunja glavu. Anaitaka sana.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mazoezi bila sifa. Rafiki zake wamekubaliana: hakuna kusimamisha, hakuna kuinuka.

Amepoteza mara tatu. Mara ya pili ni kwa muuza nyanya, ambaye tangu Januari hajawahi kumshinda. Injini ilipata joto mapema. Alikuwa anafyatua kwa pupa kama mtu anayetaka kutoka mahali haraka.

"Kupiga mtu hujamwambia wewe ni nani," alisema, "hiyo ni wizi."

"Baba Atieno, ni siku moja tu," muuza nyanya alimwambia. "Nyamaza kesho, Jumapili uongee mpaka uchoke."

Mama Atieno alikuwa mlangoni na karai lake. "Kwangu miaka ishirini hajanyamaza. Atanyamazia hao?"

Nilicheka pamoja nao. Baadaye nilijiuliza kama alikuwa anatania.

Jumamosi, 11 Oktoba

Ukumbi wa kukodisha, mjini. Wachezaji thelathini na wawili. Joto. Feni moja ilikuwa inafanya kazi.

Otonglo walijaza safu mbili. Mama Atieno alikuja amevaa nguo ya kanisani. Hakuwa amesema atakuja.

Raundi nne za kwanza Okoth alinyamaza. Alishinda zote. Hakucheza vizuri, alicheza kwa uangalifu. Baada ya kila ushindi alitazama chini. Safu zake zilipiga makofi machache, kama watu waliokuja kwenye mkutano wa chama.

Fainali, raundi tatu. Mpinzani ni Kamau, miaka ishirini na minne, wazazi wana duka la vifaa vya ujenzi mjini. Kijana mpole. Alimsalimia Okoth kwa mikono miwili, akamwita Mzee, kisha akaziba masikio kwa vipokea sauti vyake vikubwa. Roboti yake nyeupe, nyepesi, ya kasi.

Ya kwanza Kamau. Ya pili Okoth, kwa kumngoja Kamau mpaka injini yake ikasimama kwa joto. Sare, moja kwa moja.

Raundi ya tatu. Saa ilipoanza kuhesabu, Okoth aliweka padi juu ya meza. Akainuka. Akageukia watu, si skrini.

Nilinakili alichosema. Alisema kwa Kijaluo, sauti ya kawaida, bila haraka. Kwamba yeye ni Okoth, mwana wa Were. Kwamba amechomelea malango ya nyumba ambazo wenyewe hawamkumbuki lakini hulala salama. Kwamba ameoa Sondu, na huko Sondu hawakumuuliza ana nini, walimuuliza yeye ni nani, akawaambia. Kwamba hii ya kijani ni Nyar Sondu, haikimbii, na anayeitaka aje.

Kamau alikuja. Hakusikia chochote na Kijaluo hajui. Aliona roboti imesimama wazi katikati ya uwanja. Akafyatua.

Alipiga bila kujibiwa; nilihesabu sekunde kumi na tisa. Safu za Otonglo zilikuwa zinaitikia sifa, hakuna aliyetazama skrini. Mama Atieno ndiye aliyeona. Alisema, "Baba Atieno, geuka."

Aligeuka. Ilibaki robo ya uhai. Alikaa, akashika padi, na kwa dakika mbili alicheza vizuri kuliko nilivyowahi kumwona akicheza. Miguu miwili ilikatika. Alipigana kwa miwili iliyobaki. Kamau alibakiwa na uhai kidogo sana Nyar Sondu ilipoanguka.

Refa alimtangaza Kamau mshindi. Kanuni ya nne haikuhusika.

Nilimuuliza Okoth alikuwa na mpango gani.

"Sikusimamisha mchezo," alisema. "Nilidhani atangoja."

Jumapili, 12 Oktoba

Nimempigia Kamau simu kupata upande wake. Ameshtuka. Alidhani padi ya Mzee imeharibika, akaona refa haingilii, akaendelea. "Ningejua ningengoja," alisema. Nimeandika hivyo. Sijui kama ni kweli. Yeye pia hajui.

Roboti nyeupe itaingia toleo la saba. Nyar Sondu haitaingia.

Maneno mia tisa. Wanjiru amekata aya ya sifa kwa sababu ya nafasi. Nimemwambia airudishe au atoe jina langu. Sijawahi kusema hivyo kazini. Ameirudisha. Amekata aya ya injini.

Jumatatu, 13 Oktoba

Otonglo, nakala za gazeti mkononi. Okoth alisoma ukurasa wote akiwa amesimama. Alisema jina la baba yake limeandikwa sawasawa. Mama Atieno alifungia omena ya mteja kwenye nakala ya pili.

Kibandani Okoth hakucheza. Alinipa padi. Nikasema sijui. Akasema kila mtu hapo alianza hajui, akanionyesha vidole viwili vya kutumia.

Mpinzani wangu wa kwanza alijigamba redioni. Sentensi sita. Alipomaliza, Okoth alinyoosha kidole na kusimamisha mchezo. Wote wakaningoja.

Niliinuka. Nikataja jina langu, la baba yangu, na Asembo nilikozaliwa.

"Hiyo ni kitambulisho, si sifa," alisema Mama Atieno kutoka mlangoni. "Hata polisi unawaambia hiyo."

Nikafikiri. Nikasema kwamba kwa miaka ishirini na minane sijamwekea mtu kinywani maneno ambayo hakuyasema.

Waliitikia, si kwa kelele. Nikakaa. Pambanoni nilidumu sekunde arobaini.