Neno Alilolifuta Mchungaji

Jumatano, 13 Februari 1991

Leo ufukweni Dunga hakuna wanunuzi. Nimefunika karai la samaki, nimenawa mikono kwa limau, nimekwenda darasa la Biblia nikinuka mafuta vilevile. Dada mmoja wa kwaya alisogeza kiti. Nilimwona.

Mchungaji ameandika ubaoni maneno manne ya Kigiriki. Yote ni upendo. Agape, wa kujitoa bila kudai chochote. Filia, wa marafiki. Eros, wa mume na mke, vijana wakacheka. Storge, wa watu wa nyumba moja. Hilo la mwisho alisema halimo hivyo lilivyo katika Agano Jipya. Akalifuta, apate nafasi ya kuandika AGAPE kwa herufi kubwa.

Jumapili, 17 Februari

Owuor amekuja kutoka Bondo, kwa wakwe zangu. Shemeji yangu, mdogo wake Baba Akinyi, marehemu mume wangu. Ametumwa. Mwaka umepita tangu tumzike kaka yake, mvua ziko karibu, wazee wanataka anirithi. Mimi ndiye mke wa mwana wa kwanza. Nisipotia mbegu ya kwanza, wake wa shemeji zangu hawawezi kupanda. Na mjane asiyerithiwa hatii mbegu. Boma zima linanitazama mimi.

Owuor ni mtu mzuri. Hakunitazama usoni. Alikunywa chai, nikamwambia hapana, akaondoka.

Jumatatu, 18 Februari

Sikulala vizuri. Nimesema nimekataa kwa sababu ya wokovu. Si uongo wote.

Baba Akinyi nilimuuguza mwenyewe. Daktari aliniambia jina la ugonjwa kwa sauti ya chini. Nyumbani tukasema ni kifua. Pengine hata mimi ninao. Owuor ana mke na watoto wadogo, siwezi kumpelekea kitu hicho. Lakini nikilitaja, nani Dunga atapokea samaki mkononi mwangu? Nani kanisani atakaa karibu nami?

Jumatano, 27 Februari

Mchungaji amenisimamisha mbele ya watu. Huyu mama amekataa mila, huyu ndiye agape yenyewe! Makofi. Hata yule wa kwaya alipiga. Hakuna aliyeuliza kitu.

Wameahidi kuja Bondo Jumamosi ya tarehe tisa, na majembe, tuombe na kupanda pamoja. “Mama Akinyi, hutakuwa peke yako.” Nimeamini. Nimefurahi kama mtoto.

Kisha somo la Petro kando ya ziwa. Yesu anauliza kwa agape, Petro anajibu kwa filia. Saa nzima ya hayo. Mimi wa samaki niliona jingine: kabla ya kuuliza, Yesu alikuwa ameshawasha makaa, ameshawalisha. Sikusema. Ningechekwa.

Jumamosi, 9 Machi

Bondo. Nimekaa kando ya barabara tangu asubuhi.

Hawakuja.

Sikupanda. Sikuwa na moyo. Wake wa shemeji walipita na kuni, hawakunisalimu. Na wana haki, watoto wao ndio watakaolala njaa. Mama mkwe hakutoka nyumbani kwake. Nilimsikia akikohoa.

Jumatano, 13 Machi

Askofu alikuwa akipita. Kwaya ilihitajika. Gari lilienda kumpokea. Mchungaji ameniambia hivyo mlangoni, akitabasamu: “Lakini tulikuwa nawe katika roho, Mama Akinyi.”

Roho haishiki jembe.

Akaingia kufundisha agape, sehemu ya tatu. Nilitoka katikati. Ninawachukia. Naandika hivyo hivyo, ninawachukia wote pamoja na Kigiriki chao.

Jumamosi, 16 Machi

Bondo tena. Mvua ilikuwa imenyesha. Nimeingia shambani peke yangu, mbele ya macho yao. Wake wa shemeji walisimama uani, mikono kiunoni. Nilichimba mashimo nusu ya mstari, kisha mikono ikakataa kushika mbegu. Niliogopa. Wokovu wote huo, na bado niliogopa mwiko wao.

Mama mkwe akashuka na fimbo yake. Nikajua amekuja kunilaani. Aliokota karai la mahindi, akaanza kudondosha mbegu katika mashimo yangu. Mbele mimi na jembe, nyuma yeye. Tulipofika mwisho wa mstari akasema, bila kuniangalia:

“Nyar Katito, mwanangu najua alikufa na nini. Owuor ana watoto wadogo. Najua kwa nini ulimkataa.”

Alikuwa hajaniita hivyo, binti wa kwetu Katito, tangu mazishi.

“Kama kuna baya,” akasema, “lianze na mimi. Nimeshazeeka. Chimba.”

Nimechimba huku nalia. Alinikemea, nisilowanishe mbegu.

Jumatano, 20 Machi

Niko Bondo bado. Darasa limeanza saa hizi. Sikwenda, na sidhani wamenitafuta.

Wake wa shemeji walipanda jana. Mmoja amenisalimu, nusu nusu. Owuor amepita mbali akainua mkono. Siri iko kwetu wawili, mimi na mama mkwe. Hatujaitaja tena.

Tangu mazishi alikuwa hali chakula cha mkono wangu. Jioni hii nimepika dagaa wa omena na ugali, nikampelekea mlangoni, nikasimama. Aliitazama sahani muda mrefu. Kisha akasogea kwenye kigoda, nikakaa naye.

Amekula. Hakuniuliza kitu.