Alisema Mwalimu, Wakacheka

Jumapili, mwezi wa kumi. Mchana. Ukungu umeshuka mpaka kwenye paa la jikoni, na nguo nilizofua jana alfajiri bado zinachuruzika maji.

Nina hasira. Nasema mapema ili anayesoma asitegemee maneno matamu. Nimelala nayo, nimeamka nayo, na chai nimekunywa nayo.

Jana tulikuwa na mahafali ya kidato cha nne. Shule yetu ni ya kata, ipo huku juu milimani, upande ambao mvua zikikolea gari halipandi. Nafundisha hesabu na fizikia. Jana mimi ndiye niliyekuwa mshereheshaji, kwa sababu mkuu wa shule anasema sauti yangu inafika mpaka bondeni hata bila spika. Kwa hiyo yote yaliyotokea yalitokea mbele yangu, karibu kiasi cha kunyoosha mkono.

Mgeni rasmi alikuwa mfanyabiashara wa mjini. Ni mzaliwa wa huku huku, aliondoka akiwa kijana, sasa ana maduka ya vifaa vya ujenzi na nyumba za kupangisha. Alichelewa sana. Wazazi walikaa chini ya turubai wakisubiri, pilau ikapoa, watoto wa kwaya wakarudia wimbo wao mpaka sauti zikakauka. Alipofika tukasimama wote na kumpigia makofi, kana kwamba kuchelewa ndiyo zawadi aliyotuletea.

Haya. Hilo nilishalisamehe.

Ulipofika wakati wa zawadi nikamwita Salima. Salima ni wa kwanza darasani kwangu tangu kidato cha kwanza, na si kwa bahati. Akikosa swali moja hali vizuri mpaka alielewe. Mama yake alifariki zamani. Analelewa na mjomba wake, Mzee Kibwana, mkulima wa ndizi na njegere, na kwa Waluguru, wenyeji wa milima hii, mjomba si mtu wa kupuuzwa, akisema limesemwa. Mzee alikuwa amekaa mstari wa mbele, kanzu imepigwa pasi, miguu ameikusanya pamoja kama mtoto anayeogopa kuchafua kapeti.

Mgeni rasmi akamkabidhi Salima mkoba mpya, kisha akachukua maiki mkononi mwangu bila kuomba.

"Binti, na akili zote hizi, unataka kuwa nani?"

"Mwalimu," Salima akasema.

Mgeni rasmi akacheka. Sisemi alitabasamu. Alicheka mpaka akashika tumbo, na maiki ilikuwa mdomoni, kicheko kikatoka kwenye spika zote, kikagonga mlima wa pili, kikarudi. "Mwalimu! Jamani, nani kakuloga?" Wazazi wakacheka. Wanafunzi wakacheka. Mkuu wa shule akacheka huku anajifuta jasho.

Walimu wakacheka.

Hapo ndipo roho iliponiuma. Wengine wote naweza kuwaelewa. Lakini nilitazama mstari wa wenzangu, watu tunaoamka pamoja alfajiri, tunaosahihisha madaftari mpaka macho yanavimba, nikawaona wameegemeana kwa kicheko. Mwalimu wa historia, mtu mzima, mwenye wanafunzi wake wa zamani ambao sasa ni wazazi, alikuwa anapiga paja. Mtu anaicheka kazi yake mwenyewe mbele ya watoto anaowafundisha! Tumechekwa kwa muda mrefu kiasi kwamba tumehamia upande wa wanaocheka, tukidhani huko tutakuwa salama.

Mgeni rasmi hakuwa amemaliza. "Sikiliza binti. Mimi nitakusomesha, nitagharamia kila kitu mpaka umalize chuo kikuu. Udaktari, uhandisi, uhasibu, chagua mwenyewe. Ila ualimu hapana. Hela yangu haiendi kununua chaki."

Vigelegele. Mzee Kibwana akasimama, akainua mikono juu kumshukuru Mungu.

Salima alisubiri kelele zitulie. Hakuwa na maiki, lakini mstari wa mbele wote tulimsikia. "Ahsante sana baba. Lakini mimi nimesema mwalimu."

Alisema kwa adabu, kichwa kimeinama kidogo, kama anavyosema akinisahihisha ubaoni. Uso wa mgeni rasmi ukabadilika. Na mimi nilifanya nini? Nilichukua maiki yangu nikaita jina linalofuata. Sauti inayofika bondeni, na nilichoweza ni kuita jina linalofuata.

Baada ya wageni kula, mkuu akaniita ofisini. Nikamkuta Mzee Kibwana kwenye kiti cha wageni na Salima amesimama pembeni ya kabati. Nikamwamkia mzee, "Shikamoo," akaitikia "Marahaba mwalimu" bila kuniangalia.

Mkuu akaeleza. Mgeni rasmi, kabla ya kupanda gari, aliacha maagizo: ahadi yake bado ipo, ila binti ampigie simu jioni hiyo hiyo, amwombe radhi, na aseme amebadili mawazo.

"Madam, huyu ni wako," mkuu akaniambia. "Wewe ndiye uliyemjaza haya mambo. Zungumza naye."

Mimi! Sijawahi kumwambia mtoto yeyote awe mwalimu. Miaka yangu yote huku nawaambia nendeni mkajenge madaraja, nendeni mkatibu watu, someni mtoke.

Niandike ukweli, maana hapa ndipo mahali pake. Mimi ualimu sikuuchagua. Nilitaka uhandisi wa majengo. Marehemu baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa kule Turiani, na nilipomwonyesha kozi nilizokuwa nazifikiria aliniuliza swali moja tu: "Kipi kina mkopo?" Tulikuwa tumeambiwa kwamba ualimu wa sayansi unapata mkopo kwa urahisi. Nikaandika ualimu wa sayansi. Hiyo ndiyo hadithi yangu yote. Watu wakisimama kwenye sherehe za walimu na kuzungumzia wito, huwa natazama viatu vyangu.

Kwa hiyo nilimgeukia Salima nikamwambia kile ambacho baba angeniambia mimi. "Mwanangu, mpigie. Sema ndiyo. Ukishafika chuo utasoma unachotaka, nani atakuja kukukagua?"

Akanitazama. "Madam, nidanganye?"

Nikapandisha sauti. "Basi tuambie! Kwa nini ualimu? Kazi zote hizi duniani, kwa nini hii?"

Akamtazama mjomba wake kwanza, kama anaomba ruhusa. Kisha akasema, "Darasa la tano tulikaa mwaka mzima bila mwalimu wa hesabu. Aliyekuwepo alihamia mjini. Akaletwa mwingine, akaripoti, hakumaliza hata muhula, akaondoka. Tulikuwa tunaingia darasani tunakaa tu. Wenzangu wengi waliishia pale pale, hawakufaulu kuja huku sekondari. Walikuwa na akili, madam. Fatuma alikuwa ananishinda mimi." Akaonyesha dirishani. "Kila mwalimu anayeletwa huku moyo wake uko barabarani. Mimi huku ni kwetu. Nikiwa mwalimu, sitakuwa na pa kuhamia."

Hakuna aliyecheka ofisini.

Mzee Kibwana akanigeukia polepole. "Na wewe mwalimu, unahama lini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza mvua inategemewa lini. Kumbe kijiji kizima kinajua. Kuna mwalimu wa Dakawa tumekubaliana kubadilishana vituo, yeye aje huku, mimi niende kwake. Binti yangu Neema yuko mjini, Mafiga, kwa mama yangu, hajaanza shule bado. Nikiwa Dakawa, ambako mabasi ya mjini yanapita kila siku, nitakuwa nalala nyumbani na mwanangu. Huku namwona mara moja kwa mwezi, mvua zikiruhusu.

"Nimeomba mzee," nikasema. "Bado kidogo tu ikamilike."

Salima akainamisha uso, akaanza kukunja pindo la sketi.

"Sasa," mzee akasema, "nyie mnaoikimbia hiyo kazi ndio mnataka mtoto wetu aingie humo? Mwenye uwezo anampa mkono apande, nyie mnamshika miguu?"

Alikuwa na haki, na hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi. Hasira niliyokuwa nimeimeza pale uwanjani ikatoka yote kwa mkupuo, na haikuchagua wa kumwangukia.

"Mzee, una haki ya kuniuliza mimi. Niulize mpaka uchoke. Lakini yule bwana hakumpa Salima mkono. Amemnunua mbele ya watu, na bei yenyewe ni kwamba mtoto asiseme anachotaka. Kidato cha tano na cha sita shule za serikali hazina ada. Chuo kuna mkopo, mimi mwenyewe nimesomea huo. Safari itakuwa ngumu, sikufichi, atahitaji godoro na nauli na mengine mengi. Ila hana sababu ya kupiga simu kumwomba mtu radhi. Radhi ya nini? Ya kujibu swali aliloulizwa?"

"Madam, punguza sauti," mkuu akasema.

"Mkuu, wewe ulicheka."

Akashtuka.

"Ulicheka. Mwanafunzi wako bora kabisa kasema anataka kuwa kama wewe, na wewe ukacheka."

Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ametuahidi mabati ya bwalo. Ningefanyaje?"

Namwelewa, na kumwelewa hakujanipunguzia chochote. Wanafunzi wetu wanakula wamesimama juani, najua. Lakini hata mabati yana namna ya kuombwa.

Mzee Kibwana akamsemesha Salima kwa Kiluguru, maneno machache ambayo sikuyashika yote. Salima akajibu kwa neno moja. Wakatazamana. Halafu mzee akachukua kofia yake kwenye goti, akaivaa, akainuka.

"Hatupigi simu," akamwambia mkuu. "Marehemu dada yangu hakuniachia mtoto nimfundishe uongo." Akafika mlangoni, akanigeukia. "Lakini wewe mwalimu, mtihani wao wa taifa bado. Usituache kabla."

Wakatoka. Niliwaona dirishani wanapanda njia ya migombani, mzee mbele, Salima nyuma na mkoba wake mpya.

Leo asubuhi, kabla ya kanisani, nimepanda mpaka kwenye jiwe ambapo mtandao unapatikana. Nimempigia mwalimu wa Dakawa nikamwambia nimeghairi.

"Kwa nini tena? Wamekupa cheo?"

"Hapana. Nimekasirika."

"Umefanya nini? Mtandao unakatakata."

"Ni-me-ka-si-ri-ka!"

Akasema atatafuta mtu mwingine, na kwamba nisije kumpigia mwakani nikilia. Ana haki. Mke wake kwao ni huku mlimani, alishaanza kufunga mizigo.

Halafu nikampigia mama.

Nilimweleza yote, na yeye akanisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si la kawaida kwake. Nilipomaliza akauliza neno moja tu. "Neema?"

"Januari nitakuja kumchukua. Ataanza darasa la kwanza huku."

"Kwenye shule ambayo mwenyewe unasema haina walimu?"

"Hiyo hiyo."

"Unamtoa mtoto mjini, unampeleka mlimani, kwa ajili ya mtoto wa watu?"

Nikamwambia sijui kama ni kwa ajili ya Salima. Nikamwambia labda ni kwa ajili ya kile kicheko, kwamba nikishuka mlima huu sasa hivi nitakuwa nimecheka na mimi, ila kwa kuchelewa kidogo. Mama akasema mimi na baba yangu ni wamoja, vichwa vigumu, akakata simu.

Nimekaa pale kwenye jiwe muda mrefu. Naogopa. Sitaki kuandika hapa kwamba nina amani, maana sina. Neema akikaa darasani mwaka mzima bila mwalimu wa hesabu itakuwa ni mkono wangu uliomweka pale. Labda nitashuka shule ya msingi mchana nikawafundishe mwenyewe. Labda nitachoka. Labda mwakani nitakuwa nampigia simu mtu wa Dakawa nikilia, kama alivyosema.

Ila kuna jambo moja limebadilika na nataka lisomeke hapa wazi. Mtu akiniuliza kwa nini mimi ni mwalimu, siwezi tena kumjibu kwa swali la baba. Leo hakuna aliyenisukuma. Mkopo haukupiga simu Dakawa. Nimepiga mimi.

Nilikuwa nimeshaanza kuteremka ndipo simu ikalia. Mama. Hakusalimu.

"Huko kuna baridi," akasema. "Na sweta zake zote zimembana."

Akakata tena.

Bado nina hasira. Na yeye bado ana hasira, nilimsikia kwenye pumzi. Jumamosi, mvua isiponyesha, nitashuka mjini kutafuta sweta.