Visigino vya Ukoo

Jumatatu, 3 Machi

Sijamwambia mtu, nakuambia wewe tu, daftari: leo daktari kasema nina ugonjwa, nami nimefurahi. Nimefurahi! Nilijing'ata ulimi nisicheke mbele yake.

Ni lehemu — kolesteroli, mafuta kwenye damu. Imezidi karibu mara mbili. Si chakula, kasema, wala si unene. Mimi mwenyewe mwembamba kama uzi. Ni ya kurithi kwa Baba. Yeye alikutwa nayo mwaka jana baada ya kifua kumbana, ndiyo maana tukaambiwa watoto tupimwe. Kaka hana. Mimi ninayo!

Miaka yote Shangazi ananitania kwamba niliokotwa. Sina pua yao, sina sauti yao, na zaidi ya yote sina visigino vyao. Ukoo mzima una kano nene nyuma ya kisigino, ngumu kama kamba, viatu vya mkanda haviwaingii. Wanajivunia kweli. "Vyako vya kuazima," husema Shangazi pale dukani kwake tunakoshona, mafundi wote wanacheka, nami nainamia pindo ninaloshona.

Sasa nina karatasi yenye muhuri. Mtoto wa Baba, kwa maandishi!

Kidonge kimoja kila jioni, maisha yangu yote. Sawa tu.

Jumanne, 4 Machi

Baba na mimi tunameza pamoja. Tunagonganisha glasi za maji kama watu wa sherehe. Mama kasema nyumba yake imejaa vichaa.

Ijumaa, 7 Machi

Kliniki tena, kwa muuguzi wa ushauri. Alitaka nimtajie ndugu wote wa Baba, akawa anachora mistari. Babu: alikufa kwa moyo, miaka arobaini na mbili. Baba Mkubwa: moyo, arobaini na nne. Kalamu yake ikapunguza mwendo. Akauliza kama kuna mwenye kano nene za visigino.

Nikamweleza kuhusu visigino vyetu, kwa fahari kabisa. Hakucheka. Kumbe unene huo ndio mafuta yenyewe, yamejikusanya miaka na miaka. Na yakijikusanya hapo, yanajikusanya na kwenye mishipa ya moyo. Mimi nimewahi, ndiyo maana vyangu bado vyembamba.

Shangazi ana arobaini na moja. Visigino vyake ni vinene kuliko vya wote.

Muuguzi kasema apimwe upesi, dawa ipo, na wa kumwambia ni mimi kwa sababu nashinda naye dukani. Mimi! Ninayeshindwa hata kumwomba sindano!

Jumamosi, 8 Machi

Nimejaribu mara nne. Mara ya kwanza alikuwa na pini mdomoni. Ya pili nikasema, Shangazi, moyo... akauliza moyo wa nani tena, nimepata mchumba? Duka zima likaangua kicheko, masikio yangu yakawaka moto. Ya tatu na ya nne nikaishia kuomba chaki. Nina chaki mbili mfukoni.

Jioni alipotoka, nilifungua kitabu cha vipimo. Kila mtu wa ukoo ana ukurasa wake humo. Wa kwake: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Nikaongeza mstari, kwa mwandiko wangu bora: "Lehemu: haijapimwa." Chini yake, miaka ya Babu na ya Baba Mkubwa.

Kisha nikatimua mbio!

Jumatatu, 10 Machi

Ameuona mstari wangu. Akakata vibaya kitambaa cha mteja — yeye, ambaye hajawahi! Saa kumi akanivuta nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Akavua futi ya kupimia shingoni, akaikunja, akaikunjua. Mwishowe akauliza, inauma?

Nikamwambia ni sindano tu, Shangazi, mbona zako zinakuchoma kila siku.

Nimemtania Shangazi! Akanifinya shavu, akauliza mdomo huo nimeutoa wapi.

Jumatano, 12 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la maabara. Dukani tumeaga kwamba tunafuata zipu. Shangazi hajanywa hata chai. Alikaa wima kama sanamu ya kuvalisha nguo, kanishika mkono, kiganja chake kimelowa. Binti wa maabara akaja na fomu, akauliza kama kuna ugonjwa wa moyo kwenye familia. Nikajua atakana.

Akanitazama kwanza.

"Upo. Kwetu tunarithi," akasema. "Mimi na huyu."

Mimi na huyu! Niliangalia sakafu nisije nikaruka.

Sasa yumo ndani, mlango umefungwa. Majibu ni keshokutwa. Namsikia anamfundisha yule binti namna ya kushika sindano. Naogopa, na bado nacheka peke yangu, watu wa benchi wananikodolea macho. Ameniapisha: asijue mtu mpaka majibu yatoke, hata Baba. Nimeapa. Na wewe daftari, apa basi. Ukifunguliwa na yeyote, hujui lolote, hukuwepo hapa, hukumwona Shangazi akinishika mkono — kitasa kinazunguka, anato—