Mgomba wa Kumzika Roy

Kitengela,
Jumatano.

Kwa dada yangu Elsie,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Kisemei na ng'ombe wake, ambao najua anawapenda kuliko wewe. Huko Kimuka mvua imenyesha? Kifua bado kinakusumbua? Mimi niko sawa isipokuwa goti, na hilo goti nitakueleza.

Nakuandikia kwa sababu nyumba yangu ni ya mabati, nikiongea kwa simu wifi yako Namalwa anasikia hata nikipumua. Usicheke mwandiko. Shule niliachia darasa la nne na mwalimu alishukuru.

Unajua kijana wetu Roy alinikatia tiketi nikamwone huko Bangkok, anakofundisha Kiingereza. Mama yake mguu ulikuwa umevimba, nikaenda peke yangu. Dada, mtaa wenyewe ni mdogo, umekaa kando ya mfereji. Hekalu hapa, hekalu pale, kama makanisa ya Kitengela, ila spika hakuna. Watu wanaanika nguo juu ya maji, na kenge mkubwa kama mbwa anapita chini yake. Nilimuuliza Roy kama huyo naye hutoa sadaka. Akacheka sana. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho niko nacho.

Siku ya tatu akanipeleka hekalu lililo nyuma ya nyumba yake. Wakamnyoa kichwa, wakanyoa hata nyusi. Nikamuuliza ni nani amekufa, maana sisi Wabukusu hatunyoi hivyo kama hatujatoka kuzika. Akasema hakuna aliyekufa, Baba, naingia utawa. Kuoa hataoa, kurudi hatarudi.

Jirani yake, mama mzee asiye na meno, akanivuta shati nipige magoti, niiname mara tatu mbele ya Roy. Nikainama. Nikangoja na yeye aniinamie. Akakaa tu kama jiwe. Baadaye akanieleza kwamba mtawa hamwinamii mzazi wake. Elsie, huyo mtoto nilimfuta makamasi na shati langu! Hapo ndipo goti lilivunjika, pamoja na vitu vingine.

Sasa sikia ubaya wangu. Niliporudi, kabla sijafika nyumbani, nilipita kwa kinyozi nikamwambia aondoe zote. Nilijidanganya ni utani. Namalwa akaona kipara mlangoni, akauliza kama ni Roy. Nikasema ndiyo. Akauliza mwili uko wapi. Nikasema huko wanachoma watu, na katika yote niliyosema hilo tu ndilo la kweli. Simu ya Roy haiingii; aliiacha alipoingia hekaluni.

Wiki mbili sasa. Mzee Otiende, mwenyekiti wa chama chetu hapa, ameamua kwamba kwa vile hakuna mwili, Jumamosi tuzike mgomba mahali pa Roy, kule shambani Mashuuru. Mgomba umeshaagizwa kutoka Bungoma.

Barua hii nampa dereva wa matatu aifikishe leo hii; njoo kesho umwambie Namalwa kwamba mtoto wake yuko hai. Mimi nimejaribu mara tatu. Kila nikifungua mdomo ananitilia uji, ananiambia ninywe, ati mimi ndiye nilimwona mwisho kwa hivyo ndiye naumia zaidi. Na mimi, dada, nakunywa.

Msalimie Kisemei, na umwambie asije na mbuzi wa matanga.

Ni mimi ndugu yako,
Khisa