Nukta za Kituo cha Mafuta

Jumatatu, 3 Machi

Chati yangu imebandikwa ukutani, kando ya mlango wa bohari! Madereva wanne, kila mmoja na asilimia yake: dawa zilizofika zahanati kwa wakati, yaani ndani ya saa tano. Watatu wamepita tisini na tano. Kobe ana hamsini na nane. Jina hilo walimpa wenzake, kwa mwendo wake. Kinara ni Shemeji, mume wa dada yangu — tisini na nane. Alipopita akaipigapiga ile karatasi kama anayempongeza mtu. Nikacheka.

Meneja kasema Ijumaa, kwenye mkutano wa mwezi, wa mwisho atanyang'anywa gari. Amechoka kuamua kwa hisia, sasa ni takwimu. Nimetembea siku nzima kifua mbele.

Jumanne, 4 Machi

Kobe kaja ofisini, kofia mkononi. Hakulalamika. Aliuliza tu kile kitufe cha "Imefika" kwenye simu kinabonyezwa wapi. Nikamwambia: ukishakabidhi mzigo. Akasema ndivyo afanyavyo. Anahesabu maboksi na nesi, moja moja, nesi anasaini, halafu anapanda kilima cha karibu mpaka simu ishike mtandao.

"Wenzangu sijui wanabonyezea wapi, mwanangu."

Akavaa kofia, akaenda zake. Hiyo "sijui" nimebaki nayo. Na nimekumbuka kitu. Siku nilipowafundisha hiyo programu alinyoosha mkono, akasema huko zahanati hakuna mtandao. Nikamjibu tutaangalia. Sikuangalia.

Jumatano, 5 Machi

Kumbe simu inatunza na mahali kitufe kilipobonyezwa! Miezi miwili nimekalia habari hiyo. Nani ana haja ya mahali akishapata asilimia?

Leo nimeweka kila safari kwenye ramani, nukta moja moja, kila dereva na rangi yake. Za Kobe zimetawanyika, kila moja jirani na zahanati yake. Za wale watatu zimerundikana pamoja — mia mbili na kumi na mbili, mpaka nikadhani kompyuta imeharibika. Nimekuza ramani. Ni kituo cha mafuta, pale lami inapokwisha. Kutoka hapo hadi zahanati ya mwisho bado ni saa tatu za mashimo.

Wanajaza mafuta, wanabonyeza "Imefika", ndiyo kwanza wanaanza safari. Njia ya mwongo ni fupi. Yetu inaishia kwenye pampu.

Nukta nyekundu, zilizo nyingi kuliko zote, ni za Shemeji.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshinda stoo na maboksi ya hati za makabidhiano. Nesi huandika tarehe na saa kwa mkono, tunazifungia humo, hakuna anayezisoma. Nimezisoma zote. Vumbi limeniziba pua.

Kwa saa za manesi, Kobe ana sitini na tatu. Ndiye wa kwanza! Wengine hakuna aliyefika hamsini. Shemeji arobaini na nne. Kwenye hati yake moja nesi kaongeza chini: "Zimefika leo, si jana. Mama aliyekuwa anazisubiri tulishamrudisha nyumbani." Kwenye chati yangu safari hiyo ni ya kijani, yaani imewahi. Nimeona aibu, aibu kabisa.

Jioni nikapita kwa dada. Nilitaka asikie kwangu kwanza. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja. Kasema Shemeji hajaiba, hajalewa, kafanya wanavyofanya wote. Kasema watoto wake hawatavaa asilimia zangu. Halafu, taratibu: nikimchomea mumewe, nisimwite dada.

Mkuki kwa nguruwe! Jumatatu, mkuki ulipokuwa kwa Kobe, nilicheka. Dada nampenda. Lakini ramani naipeleka.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika ngazini, kwa penseli. Mkutano umesimama dakika kumi, watu wanakunywa chai.

Nimeonyesha ramani. Rangi nne, bila majina. Nikaanza na kosa langu: kitufe nilikiweka mimi, nikaonywa, nikapuuza. Na zile saa tano nilizoipa kila safari nilizikadiria mezani, bila kuipita ile barabara. Kobe alikuwa anaangalia kofia yake. Meneja kasema makosa yangu tutayazungumza baadaye, sasa anataka jina kwa kila rangi. Tukirudi tu.

Nimechora rangi nne kwenye karatasi, majina bado. Nitayaandika. Nilishaamua —

Shemeji katoka. Kakaa ngazi ya chini yangu, kanipa mgongo. Kasema dada kampigia asubuhi, kamweleza yote. Halafu kanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kataka karatasi na penseli. Nikampa. Kaandika jina lake mbele ya nyekundu, kwa herufi kubwa, kanirudishia penseli. Kaniuliza ile barabara ina urefu gani. Nikataja kilomita. Akatikisa kichwa: kilomita zinajulikana, yeye ameuliza barabara yenyewe, mashimo na saa zake.

Kaingia ndani na karatasi yangu. Mlango kauacha wazi. Namsikia:

"Bosi, jina langu hilo hapo. Nilidanganya. Ila kabla hujachukua funguo — kule tunakokwenda, umewahi kufika?"

Meneja ananiita mimi: na wewe je, umewahi kufika?